Nafasi za utafiti wa takwimu za afya vyuoni: nani analipa, na swali ni la nani

Kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa kwanza hivi magrupu ya WhatsApp ya watu wa takwimu yanajaa matangazo, PhD huku, postdoki (kazi ya utafiti baada ya PhD) kule, mtakwimu wa mradi sehemu nyingine, na karibu yote yameandikwa kwa mtindo mmoja, anatakiwa mtu mwenye msingi mzuri wa takwimu, anayependa data za afya, anayejua programu ya R, anayeweza kufanya kazi na madaktari. Mtu akisoma anaona ni kazi moja ipo vyuo 20. Basi anaandika barua moja, anabadilisha jina la chuo, anatuma kote, kote anakosa, alafu anaanza kuamini shida ni chuo alichosoma au pasipoti yake. Kuna wakati pasipoti ni shida kweli, ntaigusa huko mbele. Ila mara nyingi shida ni kwamba kaomba kazi nne tofauti kama vile ni moja.

Naandika hii kwa yule aliyemaliza takwimu au hesabu Dar, Dodoma, Nairobi au Kampala, na pia kwa daktari au nesi ambae amegundua anapenda data kuliko wodi. Maswali ya kuliuliza tangazo lolote ni mawili, hela inatoka wapi na swali la utafiti ni la nani. Mengine yote, mshahara, urefu wa mkataba, utapimwaje mwisho wa mwaka, utapanda au utabaki palepale, yanafuata hayo mawili.

Kwanza lakini tuelewane kazi yenyewe ni ipi, mana wengi wanadhani mtakwimu wa afya ni yule anayepelekewa Excel mwishoni ili atoe thamani ya p, ile namba ya kupima kama matokeo yangeweza kuwa bahati tu.

Chukua jaribio la FEAST. Lilianza 2009 kwenye hospitali 6 za Uganda, Kenya na Tanzania, zikiwemo Mbale, Kilifi na Teule pale Muheza. Swali lilikuwa hili: mtoto kaletwa na homa kali, mikono na miguu ya baridi, damu haizunguki vizuri, je umpe maji ya drip mengi kwa haraka? Mafunzo kutoka nchi tajiri yalisema ndio, na hata ukikaa wodini unaona mtoto anachangamka baada ya drip, kwahiyo wengi walitegemea jaribio lithibitishe kitu wanachokijua tayari. Watoto wakagawanywa kwa bahati nasibu makundi matatu: wa drip ya haraka ya maji ya chumvi, wa drip ya haraka ya albumini (protini ya damu), na wa tatu ambao hawakupewa drip ya haraka, walipata maji ya taratibu pamoja na dawa zao zote. Mpango ulikuwa watoto 3,600. Januari 2011 wakasimamisha wakiwa wamefika 3,141. Ndani ya saa 48 kwenye yale makundi mawili ya drip ya haraka walikuwa wamefariki asilimia 10.6 na 10.5, na kwenye kundi la tatu asilimia 7.3. Yani katika kila watoto 100, kama 3 zaidi walikufa kwa sababu ya kitu ambacho kila mtu alikiona kinawasaidia.

Tofauti ya 3 kwa 100 hakuna daktari anayeiona kwa macho, mana kwenye wodi yake watoto wengi wanapona kwa vyovyote vile. Ili uione unahitaji maelfu ya watoto, na kuna mtu alipaswa kukaa chini mapema akokotoe ni maelfu mangapi, mana wakiwa wachache hutaona kitu na wakizidi umewaweka watoto kwenye hatari bila sababu. Unahitaji bahati nasibu ya kweli, ambayo daktari hawezi kuikisia, la sivyo drip itaenda kwa mtoto aliyezidiwa zaidi na makundi hayatalingana tena. Unahitaji kamati huru inayoangalia namba katikati ya safari wakati watafiti wenyewe hawazioni, na vigezo vya kusimama vilivyofikiriwa mapema, mana ukichungulia data kila mwezi bila kanuni, kuna mwezi bahati tu itakuletea tofauti ya uongo na utasimamisha jaribio kwa kitu ambacho hakipo. Yote hayo ni kazi ya takwimu, na sehemu kubwa ilikuwa imeshafanyika kabla mtoto wa kwanza hajaandikishwa. Mimi nikitaka kumueleza mtu kwanini naipenda hii fani namwelezea FEAST, sina mfano mzuri kuuzidi.

Sasa jaribio moja la namna hiyo linabeba watu wa takwimu wa aina kadhaa na hapa ndo matangazo yanapochanganya. Yupo mtakwimu wa jaribio, anakaa kwenye kitengo cha majaribio ya tiba, vyuo vingi vya Uingereza vina vitengo hivyo. Yeye anaandika mpango wa uchambuzi, anakokotoa ukubwa wa sampuli, anaandaa ripoti za ile kamati, anachambua mwisho. Swali la utafiti sio lake, ni la daktari aliyeleta wazo, yeye kazi yake ni kuhakikisha swali linajibiwa kwa haki. Anapimwa kwa majaribio yaliyoenda vizuri na kwa wakati, jina lake linakaa katikati ya orodha ya waandishi, na hiyo sio dharau, ndo kazi ilivyo. Yupo mtafiti wa mbinu, huyu haendeshi jaribio lolote, anauliza tufanyeje pale ambapo njia zilizopo hazitoshi, mfano wagonjwa wametoroka kabla ya mwisho na waliotoroka ndo waliokuwa wagonjwa zaidi. Swali ni lake, anaandika makala kwenye majarida ya takwimu, anapimwa kwa hizo makala. Yupo mwanafunzi wa PhD ambae mara nyingi anatumia data za jaribio lililokwisha kama mfano wa mbinu anayoijenga. Na yupo mtu wa data kule Kilifi au Mbale anayehakikisha tarehe ya kifo haiji kabla ya tarehe ya kulazwa, huyu bila yeye wengine wote hawana kitu, na ndie anayelipwa kidogo kuliko wote.

Matangazo ya wote hawa wanne yanaweza kusema takwimu za afya na R. Kwahiyo soma vitenzi. Tangazo likisema utaunga mkono miradi, utashauri watafiti, utaandaa ripoti, hiyo ni kazi ya kwanza. Likisema utabuni, utaendeleza mbinu, utathibitisha sifa za makadirio, hiyo ni ya pili, na hapo watataka kuona hesabu zako, nadharia ya uwezekano, makadirio, pengine na karatasi yenye thibitisho ulilofanya mwenyewe. Mtu mwenye miaka mingi ya kuchambua tafiti za hospitali akiomba ya pili kwa CV ya kwanza hata intavyu haitwi, na sio kwamba hana uwezo.

Watu wanauliza mbinu mpya zinatoka wapi, si hesabu za takwimu zimeshaisha kuandikwa? Hazijaisha, na zinazaliwa sana kwenye shida za kweli. Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilifanyika jaribio la kutibu magonjwa ya zinaa vizuri zaidi kwenye vituo vya afya ili kuona kama maambukizi ya VVU yatapungua. Huwezi kumgawa mtu mmojammoja hapo, ukiboresha zahanati umeboresha kwa kijiji kizima na kwa wapenzi wao wote. Wakagawa jamii 12, jozi 6, kila jozi moja ikapata huduma mapema na nyingine ikasubiri. Wakaandikisha watu zaidi ya 12,000 wa kufuatiliwa kwa miaka 2, maambukizi mapya yakawa asilimia 1.2 upande wa huduma na 1.9 upande wa pili, matokeo yakatoka kwenye jarida la tiba la Lancet 1995, upungufu wa kama asilimia 42 ukisharekebisha tofauti za makundi.

Mtu mgeni atachukua hao 12,000 atawachambua kama watu 12,000. Hapo amekosea vibaya. Watu wa jamii moja wanafanana, wana kituo kimoja, wanakutana kimapenzi wao kwa wao, kwahiyo mtu wa 900 kutoka kijiji kilekile hakuongezei taarifa sawa na mtu wa kwanza. Kuna fomula fupi ya kupima hasara hiyo, chukua 1, ongeza idadi ya watu wa kila jamii ukitoa 1 mara kipimo cha kufanana kwao. Tuseme kila jamii ina watu 1,000 na kufanana ni 0.002, namba ndogo ambayo wengi wangeidharau. Unapata 1 jumlisha 999 mara 0.002, karibu 3. Maana yake watu 12,000 wako wanafanya kazi ya watu 4,000. Na kwakuwa kilichogawanywa kwa bahati nasibu ni jamii 12, uchambuzi lazima uheshimu hizo 12 na jozi zake 6. Richard Hayes wa chuo cha afya ya jamii na tiba ya tropiki cha London, ambae alikuwa kwenye jaribio hilo la Mwanza, ni mmoja wa watu waliokuja kujenga fani nzima ya majaribio ya namna hii. Alafu ngoja, 1999 jaribio la Rakai, Uganda, lililotibu watu wote kwa pamoja kila baada ya miezi kadhaa halikuona upungufu wa VVU, na kukazuka mjadala mrefu kwanini Mwanza ndio na Rakai hapana, hatua ya mlipuko, aina ya magonjwa ya zinaa, namna ya kutibu. Watu wamefanyia modeli swali hilo kwa miaka. Hiyo ndo maana ya takwimu tumizi, swali la Mwanza na Rakai linazaa hesabu inayotumika dunia nzima.

Upande wa jeni mambo yanageuka. Huko una wagonjwa 200 na vipimo 20,000 kwa kila mmoja. Ukipima jeni zote kwa kigezo cha asilimia 5 na hakuna hata moja inayohusika, bado utapata kama 1,000 zinazoonekana kuhusika. Watakwimu Benjamini na Hochberg 1995 waliandika njia ya kudhibiti uwiano wa hizo za uongo na ni kati ya makala zinazotajwa sana kwenye sayansi yote. Nafasi nyingi za PhD na postdoki za sa hivi ziko huku, jeni, picha za MRI, rekodi za kompyuta za hospitali, vifaa vya mkononi vinavyopima mapigo ya moyo.

Na huku ndo kuna somo ambalo kila anayeomba nafasi hizi alijue. Keith Baggerly na Kevin Coombes, watu wa takwimu pale hospitali ya saratani ya MD Anderson, Houston, walijaribu kurudia matokeo ya kikundi cha chuo cha Duke kilichosema kinaweza kutabiri dawa gani ya saratani itamfaa mgonjwa gani kwa kuangalia jeni. Hayakurudika. Wakachimba, wakakuta makosa kama orodha ya jeni iliyosogea mstari mmoja, na makundi ya wagonjwa yaliyogeuzwa, wanaoitikia dawa wameandikwa hawaitikii. Makala yao ilitoka 2009. Wakati huo wagonjwa walikuwa tayari wanapangiwa dawa kwenye majaribio kwa kufuata utabiri huo. Majaribio yakafungwa na makala kadhaa zikaondolewa. Mstari mmoja tu kwenye jedwali! Ndo mana sa hivi intavyu nyingi wanakuuliza unatunza vipi skripti zako (maelekezo ya uchambuzi uliyoiandikia kompyuta), je mtu mwingine anaweza kuanza na data ghafi akafika kwenye jedwali lako la mwisho bila kukupigia simu. Anayejibu hilo vizuri kwa mfano wa kazi yake anampita mwenye GPA kubwa.

Haya, twende kwenye vyeo na nchi.

PhD Uholanzi, Norway, Sweden, Denmark na Ujerumani kwa kawaida ni ajira. Una mkataba, mshahara, likizo, na nafasi inatangazwa kama kazi yoyote, mradi umeshaandikwa, msimamizi anajulikana, wewe unakuja kuufanya. Uholanzi kawaida ni miaka 4. Norway ni 3, au 4 kama robo ya muda wako ni kufundisha na kazi za idara. Sweden ni miaka 4 ya masomo ambayo ukichanganya na kufundisha inaweza kufika 5. Ujerumani ngazi ya mshahara inaitwa E13 na wengi hawapewi nzima, wanapewa asilimia 65 hivi, kwahiyo usishangilie jedwali la mshahara kabla hujasoma hiyo asilimia. Barua ya huku inatakiwa iongelee mradi uliotangazwa na kwanini wewe unaufaa, ndoto zako nyingine ziache.

Uingereza ni mwanafunzi mwenye posho isiyokatwa kodi, miaka 3 au 4, na kuna suala la ada, mana ada ya mgeni ni kubwa kuliko ya mwenyeji. Fedha za serikali yao kupitia UKRI, shirika lao la kufadhili utafiti, zilifunguliwa kwa wageni 2021 lakini kwa ukomo, wageni wasizidi asilimia 30. Kwahiyo wewe na Mhindi na Mchina na Mnigeria mnagombea hiyo sehemu ndogo. Hiyo ndo pasipoti niliyosema. Unapoona tangazo la Uingereza la kwanza kutafuta ni sentensi inayosema ada inalipwa kwa kiwango kipi, kama ni cha mwenyeji tu, basi kuna pengo la maelfu ya pauni kila mwaka na nani atalijaza unapaswa kuuliza kabla hujaandika hata mstari mmoja.

Marekani ni dunia nyingine. Idara za takwimu za afya kama Johns Hopkins, Harvard au University of Washington zipo ndani ya shule za afya ya jamii, PhD inachukua kama miaka 5, unaweza kuingia bila masters, na mwanzo wote ni madarasa na mtihani mkubwa wa kuvuka. Huombi kwa profesa mmoja, unaomba idara, msimamizi unampata baadae. Kwahiyo wanachoangalia ni kama utavuka ile hesabu, kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra ya mistari, na ikiwezekana uchambuzi halisi (real analysis). Daktari wa tiba mwenye uzoefu wa miaka 8 ambae hajawahi kusoma aljebra ya mistari atakataliwa na hatojua kwanini. Dawa yake ni kusoma hizo kozi kwanza, hata kwa chuo cha jioni, apate cheti chenye alama. Na huko pia pasipoti inahesabika, fedha za mafunzo za NIH (taasisi za serikali ya Marekani za utafiti wa afya) za aina ya T32 ni za raia na wakaazi wa kudumu tu, kwahiyo wewe unalipwa kwa kufundisha au kwa fedha za mradi wa profesa. Upande wa pili ule ufadhili unaoitwa K99, wa kumtoa mtu kwenye postdoki kwenda uprofesa, uko wazi hata kwa asiye raia, na watu wetu wachache wanajua.

Usiisahau Ubelgiji. Hasselt wana masters ya takwimu ambayo imesomesha Waafrika wengi, baadhi kwa ufadhili wa VLIR-UOS, shirika la vyuo vya Flanders, na wana taasisi ya pamoja na Leuven ya takwimu za tiba. Kwa mtu ambae hesabu zake hazijakaa sawa bado, kupitia masters kama hiyo kunafungua milango kuliko kurukia PhD moja kwa moja.

Postdoki ni baada ya PhD, miaka 1 mpaka 3 kwa kawaida, na hapa ndo swali la nani mwenye swali linauma. Kuna postdoki ambapo umeajiriwa kumaliza kazi ya mradi wa mtu, na kuna ambapo unapewa nafasi ya kujenga ajenda yako. Kwa Marekani kiwango cha kuanzia cha posho ya NIH kwa postdoki 2024 kilikuwa dola 61,008 kwa mwaka, ambayo Boston ukilipa pango inayeyuka. Ujerumani kuna sheria inayozuia mikataba ya muda isizidi miaka 6 kabla ya PhD na 6 baada, kwa tiba 9, kwahiyo mtu anafika miaka 40 anaambiwa muda wako umekwisha na hajapata nafasi ya kudumu. Ujue mapema ili upange maisha, hasa kama una familia.

Kisha wahadhiri na maprofesa wasaidizi. Tangazo linaweza kusema ni nafasi ya kudumu lakini ukichunguza, kwenye shule nyingi za tiba za Marekani sehemu kubwa ya mshahara unatakiwa uilete mwenyewe kutoka kwenye fedha za miradi. Mtakwimu anafanya hivyo kwa kugawa muda wake, asilimia 10 kwenye mradi wa kisukari, 20 kwenye saratani, 15 kwenye UKIMWI, mpaka zifike 100 au karibu. Mradi mmoja ukiisha anatafuta mwingine wa kujaza. Ni kama kuendesha duka la mchanganyiko, kila bidhaa inakuletea kidogo na rafu haitakiwi kubaki tupu. Idara ya takwimu ya kawaida kule kwenye sayansi mshahara mara nyingi unatoka chuoni kwa miezi 9 na unafundisha zaidi. Wengine wanapenda ile ya kwanza kwasababu wanakuwa karibu na ugonjwa na wagonjwa, wengine inawachosha kabisa. Mimi naona ni haki ya mwombaji kuuliza waziwazi asilimia ngapi ya mshahara inalindwa na chuo na kwa miaka mingapi.

Hili la chanzo cha hela limeonekana vizuri sana 2025. Mpango wa DHS, tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya, ambao wanafunzi wetu wengi wa masters wametumia data zake, ulikatiwa fedha na USAID Februari mwaka huo, na Mei NIH ikatangaza kusitisha utaratibu wa vyuo vya Marekani kupitishia fedha kwa washirika wa nje mpaka uwekwe mfumo mpya. Mtu aliyekuwa na kazi ya takwimu Kisumu au Kampala iliyolipwa kupitia chuo cha Marekani alijikuta kazi yake inategemea uamuzi wa Washington ambao haukumuuliza mtu. Waliokuwa wanalipwa na vyanzo viwili vitatu walipata pa kushika.

Na hapa kuna jambo linaloniuma nataka niliseme. Historia ya tiba ya kifua kikuu ina mchango mkubwa wa wagonjwa wa Afrika Mashariki. Miaka ya mwanzo ya 1970 baraza la utafiti wa tiba la Uingereza pamoja na hospitali za ukanda huu walifanya majaribio yaliyoonyesha matibabu ya miezi 6 yenye dawa ya rifampisini yanaweza kufanya kazi, matokeo ya kwanza yalitoka Lancet 1972, wakati watu walikuwa wakimeza dawa mwaka na nusu. Dunia nzima imefaidika. Wagonjwa walikuwa hapa, namba zilichambuliwa London. Zaidi ya nusu karne baadae bado kuna miradi mingi ambapo sampuli inakusanywa kwetu, data inasafishwa kwetu, na mtu wa kuamua modeli ipi itumike anakaa kwingine. Kuandika hilo hakuondoi heshima ya ushirikiano uliopo, ila linaeleza kwanini nafasi za nyumbani ni muhimu.

Na zipo. Kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Kilifi kipo tangu 1989, kinafanya kazi na Oxford na kinachukua watu wa PhD na postdoki wa takwimu na modeli za magonjwa. Taasisi ya Afya Ifakara wana vituo Bagamoyo na sehemu nyingine, na watu wake wengi wamepata PhD kupitia Basel, Uswisi, huku wakifanyia kazi data za hapa. Makerere shule ya afya ya jamii ina masters ya bayostatistiki, chuo cha KCMC Moshi (zamani KCMUCo) kina ya epidemiolojia na bayostatistiki tumizi. Kuna muungano unaoitwa SSACAB unaoongozwa na Wits ya Johannesburg, ulianzishwa chini ya DELTAS Africa, mpango wa 2015 wa kufadhili utafiti Afrika, makusudi kabisa kwa ajili ya kukuza watakwimu wa afya Afrika, na KCMUCo imekuwa ndani yake. Ufadhili wa Wellcome, mfuko wa Uingereza wa utafiti wa afya, kwa watafiti wachanga unaweza kuombwa na kushikiliwa kwenye taasisi ya nchi zetu, sio lazima uhame. Mshahara unaweza kuwa mdogo kuliko Ulaya, ila swali la utafiti linaweza kuwa lako mapema zaidi, mana watu wa kugombania nalo ni wachache na data ipo mlangoni.

Kuhusu maombi yenyewe sitasema mengi. Kwa nafasi ya mbinu, tuma kazi moja uliyofanya ambayo kuna hesabu ndani yake, hata kama ni tasnifu ya masters, na uieleze kwa kurasa 2 ambazo mtu asiye wa fani yako anaelewa. Kwa nafasi ya kushirikiana na madaktari, eleza mradi mmoja tu kwa kina, data ilikosekana wapi, ulifanya uamuzi gani, daktari alitaka nini na wewe ulimshauri nini tofauti, matokeo yakawa nini. Orodha ya programu 9 unazozijua haina uzito, R au Stata ukiijua vizuri inatosha, SAS ukitaka kampuni za dawa. Usimuandikie profesa kwamba unavutiwa na utafiti wake bila kutaja makala ipi na swali gani limebaki wazi ndani yake. Wanapokea barua za hivyo kila siku.

Ukifika intavyu na wewe unayo maswali ya kuuliza. Mradi unaolipa nafasi hii unaisha mwezi gani na kuna nini baada yake. Katika siku 5 za wiki ngapi ni za kazi za miradi ya wengine na ngapi ni za kwangu. Aliyekuwa kwenye nafasi hii kabla yangu yuko wapi sasa. Nitakuwa mwandishi wa kwanza kwenye makala zipi. Data nitazifikia mimi mwenyewe au kupitia mtu mwingine, na nikiondoka naweza kuendelea nazo. Kama msimamizi anajibu hilo la siku kwa kusema tutaona tukifika, mwombe kwa adabu aliandike kwenye barua ya ofa, hata kama ni siku moja tu kwa wiki, na usisaini mpaka umeiona.